Ukungu Juu ya Mzee Koleo

Jumatano, 2 Aprili

Mvua tangu asubuhi. Kazini tumemaliza meno ya bandia ya yule mzee anayetaka yawe meupe kuliko shati lake. Nilisema mtu wa umri ule hupewa unjano kidogo, la sivyo atatisha wajukuu. Daktari akacheka, akasema mteja ni mfalme. Haya. Umeme ukikatika kwao, mfalme atatabasamu.

Nimerudi, nimekula nimesimama, nimekaa mezani na brashi zangu. Leo ilikuwa zamu ya Kobe, kifaru changu cha vita cha bluu, cha plastiki. Nimemtia kutu kwenye minyororo. Unachukua kipande cha sponji ya vyombo, rangi ya kahawia kidogo sana, unagusa-gusa kama unamwamsha mtoto. Kutu nzuri ni ile inayoonekana imekuja yenyewe. Imetoka vizuri mno! Nikamgeuza chini ya taa, nikageuka nimwonyeshe mtu.

Nikamrudisha rafuni.

Ijumaa, 4 Aprili

Ujumbe wa shemeji! Kimya tangu mwaka jana, leo simu inatikisika mfukoni nami nina taya la mtu mkononi. "Shem, habari za siku. Jumamosi ijayo nitakuwa huko. Nitapita kuchukua vitu vyangu." Basi. Hakuna hata "umzima".

Vitu vyake ni jeshi lake. Magari ya deraya ya manjano na maroboti ya miguu miwili, kila kimoja kinatosha kiganjani. Karibu vyote nilimpakia rangi mimi, maana yeye ni fundi wa lifti, mikono yake imezoea spana. Vilibaki kwangu kwa sababu meza ya vita iko kwangu. Kila Jumamosi walikuja wawili, yeye na dada yangu. Sisi tunapigana, dada ndiye refa. Anashika futi, anapima kifaru kimesogea kiasi gani, na anatuonea wote sawasawa. Ndiye aliyevipa majina pia. Kobe. Mama Haraka, roboti langu linalotembea kama linawahi foleni. Na Mzee Koleo, lile kubwa la shemeji, mkono mmoja bunduki, mkono mwingine koleo.

Mzee Koleo hajawahi kupigana. Dada alipolazwa hospitali, Mzee huyo alikuwa bado plastiki tupu ya kijivu, na sheria yetu ni moja: kisichopakwa rangi hakishuki mezani. Tulipotoka makaburini shemeji alinikumbatia, akapanda gari, akaenda. Hajakanyaga hapa tena. Sikumlaumu. Na mimi ningekuwa na pa kwenda, nisingekaa humu.

Nimejibu, "Karibu sana Shem." Nikafuta "sana". Nikairudisha.

Jumapili, 6 Aprili

Mama kapiga simu. Kaanza na nimekula nini, nikajua kuna jambo. Lilikuja: shemeji ana mtu. Anafundisha chekechea, wanasema ni mpole, na mwaka hautaisha kabla ya harusi. Nikamwambia ndiyo maana anakuja kubeba vitu vyake. Mama akasema mwanangu, mpe, tena kwa moyo mweupe, yule alikuwa wetu kwa sababu ya dada yako.

Alikuwa! Kwani ushemeji nao huzikwa? Sikumwambia hivyo. Nilisema mtandao unakatika.

Niandike wazi, hapa hakuna anayesoma. Naogopa. Akishabeba lile boksi hana tena sababu ya kupanda ngazi hizi. Hakuna mtu mwingine anayezipanda, labda msoma mita. Tangu aache kuja nimejaribu kucheza peke yangu, nahama kiti kwenda kiti. Nikajishinda. Nikajikasirikia kwa kuiba.

Lakini nina wiki nzima. Nikimpaka rangi Mzee Koleo, shemeji atamkuta tayari kwa vita. Hawezi kumwona hivyo akamtia kwenye boksi bila hata pambano moja. Namjua.

Jumatatu, 7 Aprili

Rangi ya msingi nyeusi, nimepuliza jana mvua ilipopumzika. Leo manjano. Manjano ni rangi yenye kiburi, haikai juu ya nyeusi kwa mara ya kwanza. Unaweka nyembamba kama maji ya chai, unasubiri, unaweka tena. Lenzi ya kazini nimeazima, naivaa kichwani kama mchimba madini.

Antena imeniponyoka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame — nimeinama, nimelala kabisa chini ya kabati. Nimeipata, na pamoja nayo ile dadu nyekundu iliyopotea, ambayo dada alimng'ang'ania shemeji kwamba kaificha. Alimpekua mpaka soksi! Nilicheka hapo chini, na vumbi mdomoni. Nilipoinuka chumba kilikuwa kimya kuliko nilivyokiacha.

Jumanne, 8 Aprili

Dada wa mapokezi kaona kidole changu cha manjano, kauliza kama nakula embe kazini. Nikamweleza. Nilimweleza sana, nadhani, mpaka simu ya mezani ikalia na akaikimbilia. Baadaye nimemsikia akimwambia mfagizi kwamba fundi ni mtu mzuri, angepata tu mke wa kumtoa kwenye midoli. Mfagizi akasema bora midoli kuliko pombe. Nimeshukuru kwa utetezi.

Jumatano, 9 Aprili

Mzee Koleo anapendeza! Wino mweusi mwembamba umetiririka kwenye mianya yote ya bamba, kila riveti, kichwa cha msumari wa bamba, imesimama. Koleo nimelipa rangi ya chuma kilichoungua, zambarau kidogo nchani. Jicho lake jekundu, na kitone cheupe juu yake kama lina machozi. Sijawahi kupaka kitu hivi.

Nimevishusha na vingine vya shemeji nivipanguse vumbi. Makovu yake! Tulikuwa na desturi, gari lako likilipuliwa, wewe mwenyewe unalipaka kovu, kwa mkono wako. Yangu ni madogo, ya kitaalamu. Ya shemeji ni madoa tu, kama mtu kapiga chafya na brashi mkononi. Yalikuwa yananiuma roho, kazi yangu ya wiki nzima akiichafua kwa dakika. Leo nimepangusa nikiyazunguka, yasifutike.

Nimetandaza uwanja mezani: maghorofa ya maboksi ya dawa ya meno, daraja, mchanga. Viti viwili, chake na changu. Cha tatu kiko pembeni, na sweta ya dada mgongoni pake. Aliiacha Jumamosi moja, akasema ataichukua Jumamosi nyingine. Sijaigusa.

Alhamisi, 10 Aprili

Mimi ni mjinga. Mjinga wa mwisho!

Kilikuwa kimebaki kitu kimoja, vanishi. Bila vanishi vidole vya shemeji vitaila rangi kabla vita havijaisha, anatoka jasho akishindwa. Mvua haikukata. Nikasubiri, nikachungulia nje, nikasubiri. Nikasema nipulize haraka kibarazani chini ya paa, kidogo tu.

Na kila apakaye sanamu anajua. Hewa ikiwa na maji, usipulize. Nilimkanya shemeji kwa hilo hilo mara ngapi aliponiharakisha, mpaka dada akawa anaigiza sauti yangu: "Vanishi na mvua haviishi nyumba moja!" Haraka haraka haina baraka. Nimeingia ndani, nimewasha taa, Mzee Koleo kawa mweupe. Kama kamwagiwa unga. Manjano imezama chini ya ukungu, jicho halionekani, zambarau ya koleo hakuna.

Nimekaa naye mapajani. Nimelia, ndiyo. Kwa plastiki! Sikulia hivi kule makaburini, nilikuwa nashughulika na viti vya wageni.

Ijumaa, 11 Aprili

Kazini nimechanganya meno ya watu wawili. Daktari kauliza kama naumwa, nikasema kidogo. Akasema niende mapema.

Mafuta ya watoto na vijiti vya pamba. Niliwahi kusikia mafuta hurudisha rangi, ukungu ukiyanywa. Nimeanza na mguu, nasugua polepole. Na kweli, manjano ikarudi! Kifua, kichwa, jicho. Mkono wa koleo umegoma. Nilipuliza karibu mno pale, ukungu umegandamana. Kadiri ninavyosugua ndivyo rangi inavyotoka na mafuta. Nimeacha. Mkono mmoja mweupe, mwili wote mzima.

Ningeweza kuupaka upya. Usingekauka kabla ya kesho. Basi, ataona alivyo.

Jumamosi, 12 Aprili

Asubuhi. Hakuna mvua, leo! Nimefagia mara mbili. Nimeiweka dadu nyekundu upande wake wa meza.

Mchana. Naandika nimesimama jikoni, nimebandika maji ya chai. Amekuja! Amenenepa shingoni. Amekuja na boksi tupu la mikrowevu, kubwa, akaliweka mlangoni. Tukasalimiana kama watu wa benki.

Kisha akaiona meza. Akaiokota dadu, akaigeuza, akauliza ilikuwa wapi. Chini ya kabati, nikasema. Akasema nilimwambia! Nilimwambia sikuficha! Alikuwa anaitazama pembe ya kabati, siyo mimi.

Akamchukua Mzee Koleo. Akakunja goti lake, akasema goti hili kwenye lifti lingekwama ghorofa ya pili. Akapitisha kidole kwenye ule mkono mweupe. Amepatwa na nini? Vanishi, nikasema. Mvua. Akanitazama — wewe? Wewe mwenyewe? — akaigiza ile sauti ya dada, vanishi na mvua haviishi nyumba moja, akacheka mpaka akainama juu ya meza. Nikacheka. Halafu nikaona mabega yake hayacheki tena.

Akasema alidhani simtaki, sikumpigia simu hata mara moja. Nikasema na mimi nilidhani hivyo hivyo. Akasema kila Jumamosi alipanga kuja, ikifika anaosha gari.

Nikauliza kama ana muda wa pambano moja. Akatazama dirishani, chini barabarani. Akasema Shem, kuna mtu garini. Tumekuja naye. Amekataa kupanda, anaogopa.

Anamwogopa nani, nikauliza, humu nipo mimi tu.

Akasema, wewe.

Mimi! Mimi ninayeazima lenzi! Nikatazama boksi pale mlangoni. Nikasikia mdomo wangu unasema mwambie apande, hatuna refa.

Sijui neno hilo nimelitoa wapi. Shemeji akamshusha Mzee Koleo mezani taratibu, upande wake wa uwanja. Ameshuka kumwita. Maji yanachemka. Viti viwili haviwatoshi watu watatu, nimekwenda kukivuta kile cha pembeni.

Nasikia ngazi. Wako wawili, yeye anapanda kwa kishindo, wa pili simsikii vizuri. Wanagonga. Sweta ninayo mkononi na sijui niiweke wapi.