Chokaa Niliyopaka Ukutani

Yaya Furaha, dada yangu,

Salimia bote pale Bukavu. Sisi tuko bazima, lakini jana kulifika jambo, sharti nikuambie.

Hapa kambini Dzaleka, Malawi, tumefungua makumbusho kidogo, mu chumba kimoja cha gereza iliyokuwa hapa zamani, batoto bajue bitu bya kwetu. Mi njo nilipaka ukuta chokaa, mara mbili, nikatundika kikapo cha Mama.

Jana alifika mzee mumoja wa Kauma, Lilongwe. Hakuangalia kitu hata kimoja. Alikuwa anapapasa ukuta na bidole, sawa kipofu. Nikamuuliza anatafuta nini.

Alijibu kwa Kiswahili cha Mbeya, kule Tanzania alikoishi zamani: "Nilifungwa humu. Majina ya wenzangu niliyachonga hapa kwa msumari. Wengine hawakutoka."

Yaya, mbele ya kupaka chokaa niliona mistari pale ukutani. Mi nilizani ni uchafu tu, nikaifunika.

Nilishusha kikapo, nikalowesha kitambaa. Tulisugua ile chokaa pole pole sisi babili mpaka nsima yetu, bugali ya huku, ikapoa. Majina matatu yameonekana. Kesho atarudi, tutafute ingine.

Mungu akulinde, yaya. Na ule ukuta wa sebule kwetu Bukavu, pale Papa aliandika majina yetu na makaa, mutu asiupake rangi.

Mdogo wako,
Neema