Saa ya Maloba

Busia, Jumapili

Dada yangu mpendwa Auma,

Nakusalimu wewe, shemeji Bartholomew na watoto wote hapo Kisoko. Natumaini goti lako limepona na sasa unafika shambani bila fimbo. Mimi mwilini ni mzima, na kazi ya kujaza makaratasi ya malori hapa mpakani inaendelea. Ningekupigia simu, lakini wewe simu huiweka spika na nyumba nzima husikiliza. Haya nataka uyasome peke yako kwanza.

Unajua ugonjwa wangu wa saa za mkono. Nilikuwa nazo kumi na moja ndani ya sanduku, kila moja kwenye kitambaa chake. Mwezi wa tatu Paddy, fundi wa saa mwenye meza karibu na soko, aliniita akanionyesha moja ambayo nimeitamani miaka mingi: kronografu ya bronzi, ile shaba ya kikahawia inayogeuka kijani kadiri inavyovaliwa. Ina vijiuso vitatu ndani ya uso mkubwa, na vitufe viwili ubavuni vya kuanzisha na kusimamisha mshale. Sikumwuliza ilikotoka. Nililipa, nikaivaa palepale, nikatembea nimekunja mkono wa shati kama mjinga.

Nilipofika nyumbani niliifungua kamba niisafishe. Kwenye matundu yake kulikuwa na uchafu mweusi umegandamana. Nikailoweka kwenye bakuli, maji yakawa mekundu. Nilijiambia ni kutu, ingawa najua vizuri kwamba bronzi haitoi kutu nyekundu. Nikayamwaga maji, nikaivaa tena.

Wiki iliyofuata nilikuwa nakula kwa Damalie, mama anayetupikia sisi wa mpakani. Alikuwa akisimulia habari za dada yake Loy, wa kule Lunyo. Mumewe Loy, mfanyabiashara wa samaki aitwaye Maloba, alikufa Januari kwenye ajali ya barabarani. Mwili ulipotoka chumba cha maiti ulikuwa hauna saa. Ndugu za marehemu, wakiongozwa na mdogo wake Sam, wakasema Loy amempa hawara wake saa ya mume hata kabla maiti haijazikwa. Wakafunga nyumba kwa kufuli, wakamfukuza na watoto. Damalie akaieleza saa yenyewe: ya bronzi, ya kijani kijani, na vijiuso vitatu. Mimi nikaushusha mkono wa shati chini ya meza. Samaki wangu nikammaliza, Dada, na mchuzi nikaongeza.

Zilipita wiki tatu. Hatimaye nikaenda kwa Paddy, nikamwambia aseme ukweli au tukaongee polisi. Alikiri bila aibu yoyote kwamba yuko mtu anayefanya kazi katika chumba cha maiti, ambaye humletea saa, pete, hata viatu. Akaniuliza kwa nini nakunja uso, kwani koti nililovaa ni mtumba na sijui aliyelivaa kwanza alikufaje. Nikamlazimisha tupande pikipiki pamoja hadi Lunyo.

Wazee wa ukoo walikaa, Loy akaitwa kutoka alikohifadhiwa. Alikuja na karatasi ya dukani aliyoitunza tangu saa iliponunuliwa, na namba iliyoandikwa humo ikalingana na iliyo ndani ya mfuniko wa saa. Paddy akamtaja mbele ya watu wote mtu aliyemwuzia. Nilidhani Sam ataomba msamaha. Yeye akauliza kama saa sasa itarudi kwa wanaume wa ukoo. Niliwahi kuona kuku aliyekufa siku tatu, Dada, na sikusikia kinyaa kama kile.

Loy hakulia. Alisema, "Chukueni saa. Mimi nataka nyumba yangu."

Wazee wakaagiza kufuli litolewe siku ileile. Watu wakanishika mkono wakisema waaminifu bado wapo, na mama yake Loy akanifungia jogoo niondoke naye.

Sasa sikiliza lile lililonifanya nikuandikie. Nyuma ya saa ile palikuwa na maneno yamechongwa: Maloba, kutoka kwa Loy. Niliyaona siku ya kwanza, pale mezani kwa Paddy. Na siku niliyosikia habari kwa Damalie sikwenda kufikiri kwanza, ingawa ndivyo nilivyowaambia watu wa Lunyo. Nilipitia dukani nikanunua msasa. Wiki zile tatu nilikuwa nayafuta, herufi moja baada ya nyingine, mpaka kidole gumba kikatoka malengelenge. Jina la Loy ndilo nililianza.

Alipokuwa anatusindikiza, Loy aliigeuza saa kabla ya kuwapa wanaume wa ukoo, akapapasa pale palipolainika, akaniuliza ni nani aliyefuta. Nikamjibu kwamba ni Paddy. Paddy alikuwa ameshapanda pikipiki, hatua mbili tu kutoka kwetu. Alinitazama, akatema mate chini. Nimemwita mwizi kwa midomo yangu, na siku ile yeye ndiye hakudanganya.

Nasikia shemeji anataka nisimame kanisani watu wa Kisoko wanipongeze. Mwambie asifanye hivyo. Jumamosi narudi Lunyo kumwambia Loy, na nakuomba twende wote, kwa maana najijua, nikiwa peke yangu nitageuka njiani nirudi. Saa zile kumi na moja sijazifungua tangu siku ile. Kila nikilishika sanduku najiuliza ngapi kati yake zilivuliwa mtu aliyelala. Jogoo nimemfunga hapa nje. Anawika kila alfajiri, na sijaweza kumchinja wala kumgawa.

Wasalimie wote, na mguu uendelee kuupumzisha. Nakungoja Ijumaa stendi ya Tororo.

Mdogo wako,
Opendi