Uji Kabla ya Kutoka

Mjukuu wangu Nekesa,

Huku Kawangware tuko salama, na mamako anakusalimu. Lakini tangu uniulize kwa simu kama nami niliwahi kuacha kula nikitafuta kazi, sina amani.

Niliwahi. Mimi na rafiki yangu Atieno tulitoka Laini Saba kutafuta nguo za kufua, nami sikuwa nimetia kitu tumboni. Tulipopata nyumba, niliinama kwenye beseni nikaanguka. Atieno aliacha nguo majini, akaniinua.

“Rudi ufue, utapoteza kazi,” nikamwambia.

“Kazi nitapata nyingine. Wewe nitakupata wapi?”

Kuanzia kesho yake tukawa tunakunywa uji kwake kabla ya kutoka.

Huko Mombasa nani anakuangalia? Nijibu leo, uniambie umekula nini.

Nyanya yako