Unga wa Mama Terry na Tembe Zako za Presha

Bwenini, Kitale
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu nikiwa mzima, ila mikono imekauka kwa baridi ya huku. Nawe u hali gani? Najua utanijibu kwamba hujambo, kwa hivyo safari hii nimeuliza na wengine. Ijumaa mwalimu wa darasa aliniazima simu yake nikaongea na mdogo wangu Mwende. Alinisimulia mtihani wake, kisha paka wa jirani aliyezaa ndani ya karai letu. Nilipomdadisi habari zako akasema, "Mama alianguka sokoni Gikomba akifungua robota la mitumba. Lakini alisema tusikuambie."

Akaongeza kwamba wenzako walikumwagia maji, ukaamka ukaendelea kuuza hadi jioni, na ulipofika nyumbani ukasema ni jua. Mama, jua la Gikomba umelizoea tangu kabla sijazaliwa. Halijawahi kukuangusha. Kilichobadilika ni kwamba tangu likizo humezi tembe zako za presha, unakunywa unga.

Nimeudhika, na sitaficha. Barua hii nimeianza mara tatu. Mbili nilizichana kwa sababu zilikuwa na maneno ambayo mtoto hamwandikii mama yake.

Jirani yako Mama Terry alipouleta ule mkebe mweusi wa unga, aliketi kwenye kiti cha Baba akakwambia unga huo unasafisha damu na kuondoa presha, na kwamba tembe ndizo zinazokuchosha. Mimi niliuchukua mkebe nikausoma pande zote. Nikasema, "Mama, hapa wameandika hii si dawa. Ni protini ya maziwa."

Mama Terry akacheka. "Haya, daktari wa kidato cha pili, si utusomee Kiingereza chote, labda tutapona."

Nawe ukacheka naye. Alipoondoka ukaniambia nimekuaibisha mbele ya mgeni, na kwamba shule imenifundisha mdomo tu. Baba alipopiga simu kutoka mpakani Malaba nilimweleza. Akasema hayo ni mambo ya wanawake, tuyamalize wenyewe.

Ndipo nikauficha mkebe chini ya nguo chafu. Hilo ni kosa langu na ninalikubali. Lakini Mama Terry aliposema mbele ya wapangaji wote wa ploti kwamba nimeuiba nikauuze shuleni, ulitazama chini ukaendelea kuanika nguo. Asubuhi ya safari ulienda sokoni bila kuniamsha. Mwende ndiye aliyenisaidia kubeba sanduku.

Sasa nimemuuliza muuguzi wa shule, ili usiseme ni maneno yangu. Yeye hucheza voliboli na huutumia unga wa aina hiyo. Alinieleza kwamba hutengenezwa kwa yale maji yanayobaki maziwa yanapogandishwa kuwa jibini. Ni chakula, kama yai au maharagwe. Humfaa anayefanya mazoezi makali, au mtu asiyeweza kula vya kutosha. Yeye hupima kijiko kimoja kwa kile kilichomo mkebeni, akakoroga kwenye maji baridi au maziwa, akanywa baada ya mazoezi au kati ya mlo na mlo. Anasema watu hubishana sana kuhusu saa, lakini kikubwa ni kile mtu anachokula siku nzima. Ukiumimina kwenye uji unaochemka, kama ulivyokuwa ukifanya, hugandana mabonge. Uji huepuliwa kwanza, ukapoa kidogo, na unga ukakorogwa kando kwa maji baridi. Na hata ukikorogwa vizuri namna gani, haufanyi kazi ya tembe za presha.

Nilipomwambia kwamba unakunywa vijiko vitatu asubuhi na vitatu jioni, na kwamba wewe na Mwende siku nyingine hamli chakula cha jioni kwa sababu ya unga huo, aliweka kalamu chini.

"Figo zake zimepimwa?"

Nikamwambia sijui. Akasema presha isipotibiwa huharibu figo polepole bila kuuma, na figo zilizoharibika hulemewa na protini nyingi. Uache unga mpaka daktari akuone. Urudi kliniki upesi, na ukifika uwaambie ukweli kwamba uliacha tembe, wasije wakapima wakidhani unazimeza. Mwende naye apikiwe ndengu na omena kama zamani.

Kuna jambo moja limeniuma kuliko kuitwa mwizi. Mwende alisema tembe zilikuwa zinakupeleka haja ndogo kila mara, choo cha sokoni kiko mbali, na ukirudi unakuta wateja wamehamia kwa jirani. Hilo ulimwambia Mama Terry. Mimi nililala kitanda kimoja nawe likizo nzima na hukuniambia. Nilikuwa nakuhubiria habari za mkebe, na shida yenyewe ilikuwa choo. Labda nami sikuuliza. Muuguzi anasema kuna tembe za aina nyingine, na pengine hata saa ya kumeza inaweza kubadilishwa. Waambie tu kliniki, kama ulivyomwambia Mama Terry. Wataelewa. Wao pia ni watu, wanajua mwanamke anayeuza sokoni hawezi kukimbiakimbia.

Msalimie Susu, nyanya yetu, huko kijijini ushago, mwambie blanketi lake ndilo linaloniokoa. Baba akirudi na lori mwambie haya si mambo ya wanawake, ni ya nyumba yake. Mwende usimchape kwa kuniambia. Mama Terry umsalimie ukipenda, mimi bado sijaweza.

Siku ya wazazi kutembelea shule ni mwisho wa mwezi ujao. Usihangaike kukaanga chapati. Njoo na pakiti ya tembe tu, nione vile vishimo vilivyo vitupu, tuvihesabu pamoja. Na ikiwa bado umenikasirikia hutaki kuja, basi kasirika, Mama, nitavumilia. Lakini meza.

Ni mimi binti yako wa kwanza,

Mumbua