Kiti cha Magurudumu cha Mheshimiwa

Sukkur, Ijumaa

Kaka Rasulbakhsh,

Mbuzi wetu amezaa mapacha. Mama anakusalimu.

Unasema ulifurahi kuiona picha ya Mama kwenye kiti cha magurudumu cha msaada, hata ukaibandika ukutani. Mimi sitaki hata kuiona. Mama alimvika mheshimiwa aliyekileta shali yake ya ajraki, ile nyekundu ya nakshi aliyoolewa nayo, kwa heshima ya mgeni. Picha ilipokwisha, watu wake wakasema, "Bibi, shuka. Kiti kinakwenda kupigiwa picha Rohri."

"Na mimi hospitali niende na nini?"

"Na dua, bibi."

Tukambeba kwenye kitanda cha kamba, akitetemeka kwa baridi. Shali aliondoka nayo mheshimiwa.

Ing'oe hiyo picha ukutani. Mama, maskini, bado anauliza kama shali ilimkaa mgeni vizuri.

Dadako,
Nasiban