Mbegu Zilizooshwa kwa Maji ya Bomba

Dada Mwajuma,

Umeondoka, beseni limebaki uani. Mbegu za mwani, vile vipande ulivyokata asubuhi ile ili uvipande kesho yake, uliziacha kwenye maji ya bahari, zimefunikwa gunia. Hilo nalisema bila lawama. Hukujua kama moyo ungesimama mchana ule. Ila ndizo pekee ulizookoa, maana masika yalishamwaga mto baharini, chumvi ikapungua na shamba lako zima la Mbweni likafa.

Msibani Shangazi Zuhura alifika kutoka Lindi, vijiji vya ndani wasikoujua mwani. Unamjua, hawezi kukaa bure. Alifua mapazia, akasugua masufuria, kisha akalikuta beseni. "Jamani, mboga ina chumvi na mchanga hivi, nani ataila?" Akaziosha maji matatu, akaziloweka kwenye maji ya bomba. Nilipotoka ndani jioni zilikuwa zimepauka.

Ulizoea kunitania, "Mwalimu wa baiolojia wa Sinza, bahari unaijua ubaoni tu!" Basi nikafanya ya ubaoni. Mwani hutumia mwanga kujitengenezea chakula, lakini ndani ya chumvi uliyoizoea. Ukitiwa ghafla maji yasiyo na chumvi, yanaingia kwenye seli, seli zinavimba, madini yanavuja nje, na kazi ile inafifia. Ukirudishwa mapema huweza kupona. Ukichelewa, ndiyo basi.

Usiku ule ule nikachota ndoo ya maji ya bahari, nikazirudisha humo; asubuhi nikatia vipande kwenye chupa za kioo, nikazipanga juani. Mwani unaofanya kazi hutoa viputo vidogo vya hewa. Nilikaa kwenye kigoda nikitazama. Hakuna kitu. Shangazi akapita na ufagio, akauliza, "Unaangalia nini humo, mwanangu?" Nikamjibu naangalia mboga.

Karibu na adhuhuri chupa moja ikatoa kiputo. Kikapanda. Kikafuata kingine.

Jeneza lako lilipotoka sikulia, na watu walisema. Pale uani nililia, Dada, mpaka kanga ikalowa.

Mwenyezi Mungu akupumzishe. Kipande hicho kimoja kilichopona ni kifupi kama kidole. Bamvua lijalo, maji yakikupwa mbali, nitakifunga kwenye kamba, mbali na mdomo wa mto, na kikirefuka nitakikata nikifunge tena, hata kama kamba itachukua miaka kujaa. Shangazi sijamwambia, wala sitamwambia. Yeye anajua aliosha mboga ya wageni wako.

Mdogo wako,
Rehema