Gesi ya Maputo Chini ya Karai

2 Machi

Dada,

Hujambo? Na lile jeshi lako la chekechea? Mimi mzima, nadunda.

Majibu yametoka! Ile hewa tuliyoivuta kwa bomba kutoka chini ya sakafu yako, maabara inasema safi. Kituo cha mafuta kilichokuwa hapo zamani hakikuacha kitu. Mwenye nyumba kanipa mkono. Nani alisema nikikimbia shule sitafika popote?

Mdogo wako, Mtaalamu

9 Machi

Mdogo wangu,

Mimi sijambo, watoto ndio hawajambo nusu. Wakilala mchana wanaamka wanalia vichwa, na sakafu inanuka petroli. Nikilalamika, mwenye nyumba ananipungia karatasi yenu. Sasa Mtaalamu, pua yangu na mashine yako, nani muongo? Hali ikiendelea hivi nafunga chekechea.

Dada yako

16 Machi

Dada,

Shikamoo, tena ya kupiga goti. Watoto wanaendeleaje?

Nilimwambia bosi kwamba utotoni pua yako ilikuwa inanikamata na sukari mdomoni ukiwa uani. Akacheka, lakini Jumapili, ulipokuwa kwa mama, tukarudi. Tukafunika kwa karai mdomo wa shimo tulilotoboa sakafuni kupitisha bomba, tukajaza gesi ya maputo chini yake, tukavuta hewa ya udongoni. Gesi ile ikionekana ndani ya bomba, ujue hewa ya juu inapenya. Mashine ya kuinusa gesi hiyo ikapiga kelele kama mbuzi!

Udongo wa kuzibia shimo ulikandwa kwa maji kidogo, ukapasuka. Nani aliukanda? Usianze maswali ya polisi. Yaani tulipima hewa ya chumbani kwako, dada! Nikakanda upya, laini kama unga wa chapati, nikaziba. Karai tena, gesi tena: mashine kimya. Hapo ndipo tukachukua sampuli nyingine. Walaze watoto barazani kwanza.

Mdogo wako, Fundi wa Karai

27 Machi

Dada,

Mko salama barazani? Kaa chini usome: petroli tele! Bosi kampelekea mwenye nyumba majibu, naye kasalimu amri. Ataweka feni ya kunyonya ile hewa chini ya sakafu na kuitupa juu ya paa, kwa gharama yake. Pua oyee!

Mdogo wako, Mtaalamu (nimerudishiwa cheo)

20 Aprili

Mtaalamu wangu,

Hujambo? Huku hatujambo kabisa, si nusu tena. Feni inanguruma. Bosi wako alikuja kupima, safi, na safari hii karai nililishika mimi. Mwenye nyumba aliinama akanusa sakafu mwenyewe, watoto wakamcheka hadi wakagaagaa. Leo wamelala ndani, wakaamka wakigombania mpira. Hakuna aliyelia kichwa.

Wameuliza nani alileta feni. Nimewaambia mjomba wao. Basi wanakutaka Jumamosi, uje na ile gesi yako, na usisahau maputo.

Dada yako, Mwenye Pua